Wanachokikosa Wanawake wa Vijijini Si Semina

Kwa miongo kadhaa sasa mipango ya kuwainua wanawake wa vijijini katika nchi zinazoendelea imejengwa juu ya imani moja ambayo ni nadra kuhojiwa: kwamba mwanamke wa kijijini ni maskini kwa sababu hajui biashara, hana mtaji na hajiamini, na kwamba akipewa mafunzo ya siku chache, mkopo mdogo na maneno ya kumtia moyo atajikwamua yeye na watoto wake. Wanaoishikilia imani hii hutofautiana karibu katika kila jambo jingine. Mashirika ya kimataifa huiandika katika maandiko ya miradi, wizara huiingiza katika sera, benki huitangaza, na wanasiasa huirudia majukwaani kila wanapokabidhi hundi kwa kikundi cha akina mama. Ni imani yenye nia njema, na baadhi ya waasisi wake walistahili heshima waliyopewa. Muhammad Yunus, aliyeanza kuwakopesha watu wa kijiji cha Jobra nchini Bangladesh mwaka 1976, na ambaye mwaka 2006 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na benki yake ya Grameen, alithibitisha jambo ambalo mabenki yalikuwa yamelikataa, yaani kwamba maskini asiye na dhamana anakopesheka na analipa. Hata hivyo, kuthibitisha kwamba mtu analipa deni si kuthibitisha kwamba deni hilo limemtoa katika umaskini. Mambo hayo mawili yamechanganywa kwa muda mrefu, na gharama ya mchanganyiko huo imebebwa na wanawake wenyewe.

Kosa la msingi liko katika mahali ambapo chanzo cha umaskini kimetafutwa. Kimetafutwa ndani ya kichwa cha mwanamke, katika maarifa yake na mwenendo wake, ilhali kiko katika masharti anayofanyia kazi: bei anayopewa, ardhi asiyoimiliki, saa za siku zisizokuwa zake, na mikopo inayodai marejesho kabla mbegu haijaota. Ujasiriamali, kwa maana inayotumika katika mipango hii, ni uwezo wa kuona fursa, kukusanya mtaji na kubeba hatari ya hasara kwa kutarajia faida. Kwa maana hiyo hiyo, mwanamke anayepanda mahindi bila kujua mvua itanyesha lini wala bei itakuwaje, anayekaanga maandazi alfajiri ayauze njiani, anayetuma mikungu ya ndizi gulioni kwa bodaboda, na anayecheza upatu na wenzake ili kila mmoja apokee fedha za wote kwa zamu, amekuwa mjasiriamali tangu kabla ya neno hilo kuingia katika maandiko ya miradi. Asingekuwa hivyo, familia yake isingeishi.

Zanzibar inatoa mfano ulio wazi zaidi. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza huko mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na kwa msingi wa utafiti uliopigiwa debe kwa miaka mingi na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwani huo husafirishwa nje ukiwa mkavu ili utolewe karajinani, utomvu unaotumika kuvipa uzito vitu kama dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Katika muda mfupi maelfu ya wanawake, wakielekezwa na mawakala wa kampuni na zaidi sana na wenzao, walilimudu zao ambalo mama zao hawakulijua, na leo wakulima wa mwani visiwani wanahesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, takriban asilimia 80 wakiwa wanawake. Ushahidi huu peke yake ungetosha kuibomoa dhana kwamba mwanamke wa kijijini haoni fursa mpaka aonyeshwe na mtaalamu.

Kazi yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hesabu yote imo ndani yake. Wakati wa maji ya bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hukupwa mbali, wakulima hushuka pwani na kuingia katika maji ya magotini au kiunoni, wakapigilia vijiti mchangani, wakatandika kamba kutoka kijiti hadi kijiti, na katika kila kamba wakafunga vipande vya mbegu, kimoja kimoja, kwa nyuzi fupi za plastiki wanazoziita taitai. Wiki 6 hivi zikipita huvuna, huubeba mzigo ukiwa bado unachuruzika maji ya chumvi, huuanika, huugeuza, huuanua mvua inapotishia, kisha humngoja mnunuzi. Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi hubaki kilo 1 tu baada ya kukauka, na bei huhesabiwa kwa kilo ya mwani mkavu, ambayo kwa aina inayoitwa mwani mwembamba ilibaki kwa miaka mingi katika mamia ya shilingi.

Bei hiyo haipangwi na anayelima, na mara nyingi haipangwi hata Zanzibar. Soko la dunia la mwani wa aina hii limeshikwa na Indonesia na Ufilipino, na visiwani wanunuzi ni kampuni chache ambazo kwa muda mrefu zimekuwa zikimpa mkulima kamba na taitai kwa sharti kwamba mavuno atawauzia wao. Mkulima aliyefungwa kwa sharti la namna hiyo hana pa kwenda bei ikishuka. Anaweza kuuza kwa bei iliyotajwa au kuuacha mwani wake uoze. Wanaume wengi waliojaribu zao hili mwanzoni waliliacha walipoona malipo hayalingani na kazi, wakarudi katika uvuvi au wakaenda kutafuta kazi nyingine, na wanawake wakabaki kwa sababu njia nyingine za kupata fedha walizokuwa nazo zilikuwa chache zaidi. Hapakuwa na ujinga wowote katika uamuzi huo wa kubaki, kwani ulitokana na hesabu sahihi iliyofanywa ndani ya mipaka ambayo wengine waliichora.

Juu ya yote hayo kukaja joto la bahari. Aina ya pili, mwani mnene, huuzwa kwa bei kubwa zaidi, lakini tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika maeneo mengi ya maji mafupi kwa sababu ya maji kupata joto na maradhi yanayofuatana nalo. Dawa inayojulikana ni kuihamishia kwenye maji ya kina, ambako kunahitajika mashua, nyavu maalumu na mtu anayejua kuogelea, na wakulima wengi wanawake hawana chombo wala hawajafundishwa kuogelea. Haya ni mambo yanayohitaji fedha, vifaa na ujuzi wa mwili, na kozi ya kujiamini haiwezi kuyatatua.

Je, miradi mingi iliyofika katika vijiji hivi ilileta nini? Kwa sehemu kubwa ilileta mafunzo ya kuongeza thamani, yaani kuigeuza malighafi kuwa bidhaa: sabuni, mafuta ya kupaka, unga wa mwani, na vyakula vilivyochanganywa na unga huo. Kazi hiyo haifai kubezwa. Dkt. Flower Msuya, mtafiti ambaye amewatumikia wakulima wa mwani kwa miaka mingi, aliwasaidia wanawake wa vijiji kama Bweleo na Kidoti kupata kipato kutokana na bidhaa hizo, na waliofanikiwa wamefanikiwa kweli. Lakini mavuno ya visiwani kwa mwaka yamekuwa yakikaribia au kupita tani 10,000 za mwani mkavu, na hakuna idadi ya vipande vya sabuni, hata vikinunuliwa na kila mtalii anayeshuka Unguja, inayoweza kumeza shehena ya ukubwa huo. Sabuni inaweza kukiinua kikundi kimoja katika kijiji kimoja. Kipato cha maelfu waliobaki kitaendelea kuamuliwa kwenye mzani wa mnunuzi, na hapo ndipo wafadhili wengi walipochagua kutosimama. Uamuzi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar wa kuunda kampuni ya umma ya mwani na kujenga kiwanda Chamanangwe, Pemba, chini ya sera ya uchumi wa buluu, unaweza kufaulu au kushindwa, na una hatari zake, kwa kuwa kampuni ya umma nayo inaweza kumbana mkulima. Hata hivyo umelenga mahali panapostahili: idadi ya wanunuzi na mahali mwani unapochakatwa.

Yaliyotokea pwani yanajirudia bara kwa sura nyingine. Katika mikoa mingi ya Tanzania mafunzo ya ujasiriamali yamekuwa na mtaala unaofanana mno: sabuni ya maji, batiki, usindikaji wa karanga, utunzaji wa daftari la mapato na matumizi. Mwezeshaji hufika na bango kitita lake, washiriki hugawanywa katika makundi, vyeti hutolewa siku ya mwisho, na kijiji kilichokuwa na mtengenezaji mmoja wa sabuni ya maji hubaki na 30, wote wakiwalenga wateja wale wale ambao kipato chao hakijaongezeka hata kidogo. Mafunzo yanaongeza wauzaji bila kuongeza wanunuzi. Baada ya mwaka mmoja, wengi wakiwa wameacha, ripoti husema kwamba washiriki walihitaji mafunzo endelevu.

Wanaotetea mipango hii wana ushahidi wao, na haki inataka ushahidi huo ujibiwe. Kuhusu mikopo midogo, mwezi Januari 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti 6 zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko kwa njia ya ulinganisho wa kubahatisha, yaani kuwagawa watu au vijiji kwa kura, wengine wakafikiwa na huduma na wengine wakasubiri, ili tofauti itakayoonekana baadaye iweze kuhusishwa na huduma yenyewe. Abhijit Banerjee, Dean Karlan na Jonathan Zinman, walioandika utangulizi wa tafiti hizo, walihitimisha kwamba matokeo yalikuwa chanya kwa kiasi kidogo, lakini si ya kubadili maisha. Mikopo iliwapa watu uhuru zaidi wa kupanga matumizi yao, na hilo ni jambo jema, lakini haikuongeza kipato cha kaya kwa namna ya kutegemewa. Kuhusu mafunzo, utafiti unaotajwa mara nyingi zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wafanyabiashara wadogo wa Togo, ambao ulionyesha kwamba mafunzo ya kujenga ari ya mtu binafsi yalipandisha faida kwa takriban asilimia 30. Ni matokeo makubwa, na hayapaswi kufichwa. Ila yanaposomwa kwa ukamilifu yanasema mengine pia: utafiti ulifanyika Lomé, mji mkuu wenye bandari na masoko, kwa watu waliokuwa tayari wanaendesha biashara, na katika utafiti huo huo mafunzo ya kawaida ya biashara, ambayo ndiyo yanayopelekwa vijijini, hayakuonyesha mafanikio ya kutegemewa. Kuyachukua matokeo ya Lomé na kuyafanya hoja ya kupeleka semina katika kijiji kisicho na barabara ni kuyabebesha mzigo ambao watafiti wenyewe hawakuyapa.

Utafiti wa Sri Lanka unafundisha zaidi. Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwapa wafanyabiashara wadogo ruzuku isiyorudishwa, wakakuta kwamba faida ya wanaume ilipanda ilhali ya wanawake haikupanda. Kwa miaka mingi matokeo hayo yalitumiwa kama uthibitisho kwamba wanawake hawana uwezo wa kuzalisha mtaji, na kwa hiyo wanahitaji kufundishwa. Mwaka 2019 Arielle Bernhardt, Erica Field, Rohini Pande na Natalia Rigol walizirudia takwimu za Sri Lanka, pamoja na za Ghana na India, wakauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa: je, katika kaya hiyo kuna biashara nyingine? Jibu lilibadili maana ya kila kitu. Pale ambapo biashara ya mwanamke ndiyo pekee katika kaya, mtaji ulizaa kama unavyozaa kwa wanaume. Pale ambapo mume naye ana biashara, fedha alizopewa mke zilielekea kwenye biashara ya mume. Kilichodhaniwa kuwa upungufu wa akili ya biashara kilikuwa mgawanyo wa madaraka ndani ya nyumba, na mtu haondolewi katika mgawanyo huo kwa kufundishwa kuandika mchanganuo wa biashara.

Suala la mikopo linastahili kutazamwa katika mazingira ya Tanzania, ambako nia ya serikali imekuwa ya dhati na ya muda mrefu. Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake uliundwa mwaka 1993, na mwaka 2018 sheria ikazilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Aprili 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa baada ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kubainisha mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa na vikundi visivyokuwapo, na ulirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika mjadala uliofuata, sauti nyingi zilisema kwamba tatizo ni elimu ndogo ya wakopaji. Maelezo hayo yanawaacha nje watu waliosajili vikundi hewa, ambao hawakukosa elimu, na yanawabebesha lawama wanawake waliopokea fedha za kikundi msimu wa kupanda ukiwa umekwisha pita, wakazigawana zikawa vipande visivyotosha kununulia chochote kinachozalisha.

Wanaokosa mikopo ya halmashauri huangukia mikononi mwa wakopeshaji ambao wananchi wameipa mikopo yao jina la kausha damu. Kanuni zilizotokana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ziliweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni, kiwango ambacho kwa mwaka ni asilimia 42, na wasio na leseni hutoza zaidi ya hapo. Hakuna zao la chakula linaloweza kutegemewa kulipa riba ya kiwango hicho. Zaidi ya riba, kuna ratiba. Marejesho huanza wiki inayofuata, ilhali mahindi yaliyopandwa leo yatavunwa baada ya miezi 4 au 5, kwa hiyo mkulima hulazimika kulipa kwa kutumia sehemu ya mkopo wenyewe, kwa kuuza kuku au mbuzi, au kwa kukopa mahali pengine. Anayeshindwa huchukuliwa godoro, sufuria na televisheni mbele ya majirani, na pale ambapo wanakikundi wamedhaminiana, wenzake ndio wanaokuja kuvichukua. Utafiti wa Field, Pande na wenzao uliofanywa Kolkata, India, na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kuahirisha tu marejesho ya kwanza kwa miezi 2 kuliwafanya wakopaji wawekeze zaidi na biashara zao zipate faida zaidi, ingawa walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Wakopaji hao hawakupewa somo jipya. Lilibadilishwa sharti moja la mkataba, nao wakatumia akili waliyokuwa nayo siku zote. Kwamba ushindwaji wa kulipa uliongezeka kunaeleza kwa nini wakopeshaji hawapendi sharti hilo, na pia kwa nini kuwaachia wao peke yao kazi ya kuwainua wanawake ni kosa.

Ardhi ni jambo ambalo mafunzo hulipita kimya. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Sambamba nazo kuna Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoziandika mila za urithi za makabila kadhaa zikawa sheria, na ambalo kwa kawaida humnyima mjane sehemu katika mali ya mumewe na kumweka binti katika daraja la mwisho la warithi. Wajane 2 kutoka Shinyanga walilipinga tangazo hilo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hizo zinabagua lakini ikakataa kuzibatilisha, rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa dosari ya kiutaratibu, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba haki za wajane hao zimekiukwa na kuitaka Tanzania ibadili sheria. Miaka inayotumika kuhangaikia haki moja ya namna hii inapaswa kuwekwa kando ya wiki moja ya semina, na mtu aulize ni ipi kati ya hizo inayoamua kama mwanamke atapanda mti wa kudumu, atachimba kisima, au atakubaliwa kuweka shamba dhamana. Bukoba kuna mfano wa upande wa pili: mwanamke aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliliuza mwaka 1988, ukoo ukapinga kwa hoja kwamba mila ya Wahaya haimruhusu, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba ubaguzi huo hauwezi kusimama mbele ya Katiba. Hukumu hiyo moja iligusa haki za wanawake wengi kuliko mradi wowote wa mafunzo uliowahi kufika huko.

Kuhusu muda maneno machache yanatosha, kwa kuwa jambo hili halina ubishi ila halifanyiwi kazi. Utafiti wa nguvukazi wa Tanzania wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake hutumia muda mwingi zaidi kuliko wanaume katika kazi za nyumbani zisizolipwa. Mwanamke anayeteka maji mbali, anayesenya kuni na kulea watoto anaitwa kwenye mafunzo ya siku 5, na saa hizo 40 hukatwa katika usingizi wake au katika palizi ya shamba lake. Bomba la maji linalofanya kazi kijijini, chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini ulioundwa mwaka 2019, ni msaada mkubwa zaidi wa kibiashara kwa wanawake wa kijiji hicho kuliko mafunzo ya usimamizi wa muda, na inasikitisha kwamba katika vitabu vya wafadhili bomba huandikwa chini ya huduma za jamii na kamwe si chini ya ujasiriamali.

Hutolewa pia hoja kwamba vikundi vya kuweka na kukopa, vilivyoanzia Maradi nchini Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE na kuenea baadaye Afrika nzima, ambavyo nchini Tanzania hufanana na VICOBA na vikundi vya hisa, vimefaulu. Vimefaulu, lakini ni vyema kujua katika nini. Utafiti wa Ghana, Malawi na Uganda uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba viliongeza akiba, vilizisaidia kaya kuhimili ukame na vilimpa mwanamke sauti zaidi nyumbani, lakini kwa wastani havikuongeza matumizi ya kaya. Vinamkinga mtu asianguke, na kazi hiyo ni kubwa. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya mpango ulioanzishwa na shirika la BRAC nchini Bangladesh mwaka 2002 na kujaribiwa baadaye katika nchi nyingine 6, ambao kwa kweli uliwatoa wanawake maskini kabisa katika hali yao na matokeo yake yakadumu. Watetezi wa semina huutaja kwa sababu ndani yake mna mafunzo. Mna pia ng'ombe au mbuzi wanaotolewa bure, posho ya chakula kwa miezi kadhaa, huduma za afya na mtu anayewatembelea kwa karibu miaka 2. Kuondoa ng'ombe, posho na huduma, kisha kubakiza mafunzo na kuyasifu kwa matokeo ya vyote, ni kuwapotosha wanaotoa fedha na wanaozihitaji.

Imebaki hoja moja ya haki: kwamba wanawake wenyewe, wakiulizwa, huomba mafunzo. Ni kweli huyaomba, kwa sababu wanajua vizuri orodha ya vitu ambavyo mgeni aliyekuja na gari la mradi anaweza kutoa. Hakuna mwanakijiji anayemwomba afisa mradi afute tangazo la mwaka 1963 au amlazimishe msafirishaji wa mwani kutangaza bei kabla ya msimu. Aidha, mafunzo huleta posho, huleta siku ya kukaa na wenzake bila jembe mkononi, na huleta jina katika orodha itakayofikiriwa mkopo utakapokuja; mwanamke anayeyaomba kwa sababu hizo anafanya hesabu nzuri. Anayepaswa kuhojiwa ni yule anayepima mafanikio yake kwa idadi ya waliohudhuria, kwa kuwa kipimo hicho hutimia hata kama hakuna aliyeongeza shilingi moja.

Vipimo vingine vipo na havihitaji ubunifu mkubwa. Mradi unaodai kuwasaidia wakulima wa mwani unaweza kudaiwa uonyeshe bei ya kilo ilikuwa kiasi gani ulipoanza na ni kiasi gani ulipomalizika, ni wanunuzi wangapi wanaofika kijijini, na ni nani anayekagua mizani. Unaodai kuwasaidia wakulima wa mahindi unaweza kudaiwa idadi ya hati za hakimiliki za kimila zenye majina ya wanawake, na tarehe ambayo marejesho ya kwanza ya mkopo yanadaiwa ikilinganishwa na tarehe ya mavuno. Maswali haya yatawakera baadhi ya washirika, kwani kampuni inayonunua mwani, ukoo unaoshikilia shamba na mkopeshaji anayefaidika na marejesho ya kila wiki wote wana maslahi katika mambo kubaki yalivyo, tofauti na semina ambayo haimgusi yeyote kati yao. Wafadhili na serikali wanaoikwepa kero hiyo wawaambie wazi wanawake wanaowaita mafunzoni kwamba bei, shamba na ratiba ya deni havimo katika mpango, ili wanawake hao waamue wenyewe kama siku 5 zao zina thamani ya kwenda kuzitumia huko.